Kosa Lisemwe Lote

Kibanda changu kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi za mahakama. Ndani kuna kompyuta moja, mashine ya fotokopi inayotafuna karatasi ikichoka, na kiti cha plastiki cha mteja. Mtu wa Bunia akipigwa, akiibiwa au akikatwa, na kama bado ana nguvu ya kushtaki, anakuja nimpigie chapa mashtaka yake kwa Kifaransa. Yeye anasema kwa Kiswahili, mara nyingi huku analia, nami naandika kwamba ana heshima kubwa ya kuwaletea wakubwa habari ifuatayo. Hakuna heshima yoyote ndani yake, lakini ndivyo barua za serikali zinavyoanza.

Sikusoma sheria. Nimeiokota pale kibandani, leo punje, kesho punje, mpaka kikapu kikajaa. Najua ngazi zake. Kofi, ngumi, mpini wa jembe, hayo huitwa "coups et blessures", mapigo na majeraha. Kama ulikaa ukapanga kabla ya kupiga, unapanda. Kama uliyempiga ameugua, au amepoteza kiungo, unapanda tena, na akifa bila wewe kutaka afe, unazidi kupanda. Wizi nao una ngazi zake: kuna wa kuchukua tu, kuna wa kuvunja mlango, kuna wa kumpiga mtu ili aachie alichoshika. Kule juu kabisa kuna wizi wa kushika silaha, na adhabu yake ni kifo. Silaha si lazima iwe bunduki. Panga linatosha.

Wateja wangu karibu wote wana ugonjwa mmoja, wanataka kupandishwa ngazi. Nakumbuka mwanamke aliyevutwa nywele sokoni kwa ajili ya mahali pa kupanga nyanya. "Andika alikuwa na silaha, mama," aliniambia. "Bila silaha, ba polisi hawaamuke hata ku kiti." Nikamuuliza silaha gani. Akafikiri kidogo. "Kucha," akasema.

Zamani nilikuwa nacheka sana na mambo kama hayo. Nilikwenda nayo nyumbani, nikayasimulia wakati wa kula, na mama akanigombeza kwamba nacheka machozi ya watu. Siku hizi sina la kusimulia.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa dereva wa moto, ile teksi ya magurudumu mawili inayobeba nusu ya mji huu mgongoni. Pikipiki haikuwa yake, ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa mjini. Lakini mdogo wangu alikuwa na rafiki, mtoto wa jirani yetu hapa mtaa wa Lumumba, ua kwa ua, na rafiki hakuwa na kazi. Mama yake ndiye aliyemnyonyesha mdogo wangu wakati mama yetu alipolazwa. Walipata komunyo ya kwanza siku moja, wamevaa mashati yaliyokatwa kwenye kitambaa kimoja. Kwa hiyo mdogo wangu alifanya kama wanavyofanya wengi: asubuhi aliendesha yeye, mchana alimwachia rafiki. Mwenye pikipiki hakuambiwa. Hakuna aliyeona ubaya wowote hapo, hata mimi sikuuona.

Siku ile walikwenda pamoja mpaka Iga Barrière kumpeleka mteja na mizigo yake. Rafiki alikuwa ameiangusha moto siku chache kabla na kuvunja taa, na mdogo wangu alikuwa amekaa na hasira hiyo bila kuitoa. Pale Iga, mbele ya wauza ndizi, akaitoa yote. Akamwambia mchana hautakuwa wake tena, atafute pengine. Rafiki akasema mchana ni wangu, ulinipa. Wakagombania ufunguo. Pembeni ya kiti kulikuwa na panga ndani ya gunia, kama lilivyo kwenye moto nyingi zinazopita njia ile, maana matawi huanguka na watu nao hutokea. Rafiki alilichomoa akapiga mara moja. Mdogo wangu aliinua mkono wa kushoto.

Watu wakapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Ndivyo tunavyopiga kelele sisi, kwa sababu neno hilo ndilo linalokimbiza watu. Sijawahi kusikia mtu akiita barabarani kwamba hapa pamefanyika mapigo na majeraha. Rafiki aliona mawe yanaokotwa. Akaruka juu ya moto akakimbia mpaka Kpandroma, kwa mjomba wake, kwenye njia ambayo hata wenye bunduki huipita wakisali.

Nilimkuta mdogo wangu hospitali, mkono umefungwa, uso wa rangi ya majivu. Vidole viwili vilikuwa vimekwenda, na mishipa ya vilivyobaki ilikuwa imekatika. Daktari alisema mkono hautakunjika tena. Mkono wa kushoto ndio unaobana klachi ya pikipiki, kwa hiyo kazi yake iliishia pale pale kitandani. Jambo la kwanza aliloniambia mimi dada yake mkubwa si hilo.

"Yaya, usiandike mwizi. Hakuiba. Tuligombana tu."

Niliandika kama alivyosema. Niliandika mapigo na majeraha yaliyoleta kilema, ugomvi kati ya watu wanaofahamiana, bila kupangwa. Nilichagua maneno yangu vizuri kuliko nilivyowahi kumchagulia mteja yeyote, maana nilijua kila neno lina uzito gani kule juu. Nikavuka barabara nikayapeleka mwenyewe. Afisa wa polisi alinisomea kwa sauti, tena kwa kunisifu.

"Unaandika muzuri, mama. Moto iko wapi?"

"Alikimbia nayo."

"Panga ilikuwa mu mukono?"

"Ilikuwa, chef, lakini—"

"Basi. Weye unaleta habari. Jina ya kosa, siye ndio tunaitoa."

Mwenye pikipiki naye alikuwa ameshafika na mashtaka yake, na sikuweza kumlaumu. Mtu asiyemjua ameondoka na mali yake, panga mkononi, damu barabarani. Ungemwambia nini kuhusu asubuhi na mchana? Mjomba wa Kpandroma alimrudisha kijana na pikipiki kabla ya juma kwisha, akidhani kurudisha kutasaidia. Kijana akafungwa siku hiyo hiyo. Na tangu mkoa wetu uwekwe chini ya wanajeshi, kesi ya namna hiyo inakwenda kwa majaji wenye magwanda.

Niliwaeleza watu wa nyumba zote mbili, tukiwa tumekaa kwenye ua wetu. Niliwaambia kwamba kwa sheria, mkono wa mdogo wangu ni miaka michache gerezani. Pikipiki iliyochukuliwa kwa panga ni kifo. Mama wa rafiki alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeipanga hivyo.

"Moto inapita mukono ya mutu?" aliniuliza. Nilikuwa nimeyapiga maneno hayo kwenye mashine miaka mingi na sikuwahi kujiuliza.

Hapo ndipo wazee walipoamua kuchinja mbuzi.

Sisi na jirani zetu ni watu wa upande wa Mahagi. Katika ukoo wetu, damu ikimwagika kati ya nyumba mbili zinazojuana, nyumba hizo haziwezi tena kula pamoja, hata andazi. Tunaamini kwamba anayekula akiwa amevuka damu, kile chakula kitamgeukia tumboni, na mgonjwa wa kwanza atakuwa yule aliyejeruhiwa. Mpaka mbuzi achinjwe. Na kabla ya nyama kuguswa, baba wa aliyekosa anasimama na kulitaja kosa. Lazima alitaje lote, na akikosea, bora akosee kwa kuzidisha. Akipunguza, kile alichokificha kinaingia katika nyama, na watu watakila. Kwa hiyo wazee wetu huzidisha. Nilipokuwa mtoto nilimsikia mzee mmoja akitangaza kwamba mwanawe ameua. Aliyeuawa alikuwa ameketi mbele yake, amevunjika jino, anangoja kipande chake cha ini la mbuzi. Hakuna aliyeshangaa.

Baba wa rafiki ni seremala, mtu wa maneno machache. Alisimama katikati ya ua wetu, kofia mkononi. "Mutoto wangu alimungojea mutoto wenu mu njia," alisema. "Alimukata na panga juu ya kumunyanganya moto. Alikuwa na roho ya kumuua. Sifiche kitu. Na kama kuko ingine sijue, nayo naibeba."

Kila mtu pale alijua kwamba hakuna aliyemngoja mtu njiani. Mdogo wangu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Iga. Mama alijibu, "Tumesikia. Tunakula." Kisha mama wa rafiki alichukua kipande cha ini akakiweka mwenyewe kinywani mwa mdogo wangu, kama mtoto, na wanawake wote wakalia. Mimi pia nililia, na nilikula, na nilifurahi. Sioni haya kusema hivyo. Ilikuwa furaha ya kweli, na sijapata nyingine kama ile.

Kesho yake, mimi niko kibandani, mama yangu na baba wa rafiki walivaa nguo za kanisa wakaenda pamoja kwa mwendesha mashtaka wa jeshi. Hawakuniambia. Mambo ya mbuzi ni ya wazee, na mimi ni mtu wa karatasi. Walitaka kumpa habari njema kwamba nyumba mbili zimepatana, ili amfungue mtoto. Mama alinisimulia jioni, uso umemng'aa. Walipokewa vizuri. Walipewa viti. Yule mkubwa alitaka kujua kila kitu kuhusu mila yetu, na alimwomba baba wa rafiki arudie maneno aliyoyasema mbele ya mbuzi.

"Akayarudia?" nikauliza.

"Yote. Na mukubwa alikuwa anaandika."

Nilikaa chini. Mama aliendelea kuniambia jinsi yule mkubwa alivyokuwa na adabu, na mimi nilikuwa nazisikia ngazi zikipandwa moja baada ya moja. Kumngojea mtu njiani, huko ni kupanga. Panga kwa ajili ya kunyang'anya. Roho ya kuua. Baba mzazi, tena amekwenda mwenyewe, bila kushikwa wala kutishwa, ameleta kila kilichokuwa kinakosekana. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, ila safari hii mdomo ulikuwa wa baba na kichwa cha mwana. Nilitamani kupiga kelele, na sikujua nimpigie nani.

Asubuhi nilivuka ua nikamkuta baba wa rafiki anapiga randa ubao wa mlango. Nilimweleza pole pole, kwa heshima, kama mtoto wake. Nilimwambia, papa, siku ya kesi utaulizwa, na ukiulizwa useme ile ilikuwa mila, kwamba ulizidisha, kwamba watoto waligombana tu. Nilimwambia kuna mambo mengine ambayo mtu anaweza kuyarudisha.

Aliacha randa. "Mukono ya mudogo yako iko namna gani?"

Mkono haukuwa vizuri. Ulikuwa umeanza kutoa usaha tena na alikuwa na homa. Nilimwambia hivyo bila kufikiri, kwa sababu aliniuliza.

"Unaona," akasema. "Hajapona. Alikula juu ya maneno yangu. Nikirudisha maneno, kile alikula kitamugeukia. Unataka niue mutoto wa mama yako juu ya kukomboa wangu?"

Nilimwambia ni vijidudu, papa, ni kidonda kichafu tu, kuna dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu anayesikiliza. Halafu akarudi kwenye ubao wake, na ile randa ikawa inaruka.

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi uliojaa, wengine wamesimama madirishani. Rafiki alikuwa amekonda. Alikubali kwamba alipiga, hakukataa hata kidogo. Alisema hakungoja mtu, alisema mchana ulikuwa wake. Jaji alimuuliza kama mwenye pikipiki anaujua mchana huo. Mwenye pikipiki akasema haujui.

Wakamwita mdogo wangu. Alisema vizuri, kwa ujasiri, mkono umefungwa kifuani. Alisema tuligombana, ni ndugu yangu, hakuniibia, nilimwachia moto mimi mwenyewe. Mwendesha mashtaka alisimama bila haraka na kumuuliza swali moja.

"Familia yake ilikuletea mbuzi?"

"Ndiyo."

"Ulikula?"

"Nilikula."

Akageuka kwa majaji, akasema ushahidi wa mtu aliyekwisha kulishwa na mshtakiwa wanajua wenyewe una thamani gani. Kwa wale waliokaa mbele, kama baba alileta mbuzi basi mwana ana kosa, na kama sisi tulimla basi sisi tumenunuliwa. Mbuzi mmoja alitosha kwa yote mawili.

Wakamwita baba. Wakili wa kijana, msichana aliyepewa kesi ile bila muda wa kuisoma, alimwomba karibu kwa kupiga magoti. Alimuuliza kama si kweli kwamba katika mila yao mtu hulikuza kosa, kwamba maneno yale hayakuwa ya kweli. Seremala aliutazama mkono wa mdogo wangu kwa muda mrefu. Mdogo wangu alikuwa anatikisa kichwa, anamwomba, midomo inasema, papa, rudisha, rudisha. Kila mtu aliona.

"Nilisema vile," akasema. "Na walikula."

Nilimchukia wakati ule. Nasema wazi, nilimchukia kwa moyo wangu wote, na bado najua kwamba alikuwa analinda uhai wa mdogo wangu. Ndivyo alivyoelewa yeye. Hakuna mtu katika ukumbi ule aliyempenda mdogo wangu kuliko yule mzee wakati ule, na upendo wake ndio uliomaliza kazi.

Wizi wa kushika silaha. Kifo. Walisoma kwa Kifaransa, na rafiki, ambaye Kifaransa chake ni cha darasa la chini, aligeuka kumtafuta mtu wa kumweleza. Macho yake yakaniangukia mimi, mtu wa karatasi. Nikainamisha kichwa, akaelewa.

Wakili alikata rufaa. Faili liko mahali fulani, kila nikivuka barabara kuuliza naambiwa liko njiani. Kwa miaka mingi nchini hukumu kama ile ilikuwa inatamkwa tu, mtu anabaki gerezani mpaka Mungu amkumbuke. Siku hizi wakubwa wanasema inaweza kutekelezwa tena. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, lakini mimi nimeuona ukikata upande mmoja tu, ule tulioukalia.

Mkono wa mdogo wangu ulipona, kwa sindano. Haukunjiki, lakini kidonda kimekauka. Seremala anapopita uani huutazama na kuitika kwa kichwa, kama mtu aliyelipwa alichodai. Mke wake hautazami. Hasemi na mumewe, na hasemi na sisi. Mdogo wangu anashinda amekaa mlangoni. Nimemwambia aje anisaidie kibandani, anasema afadhali afe.

Mama yangu ndiye asiyekaa. Kila Jumamosi anapika, sombe ya majani ya muhogo, maharage, bugali, akipata na samaki wa chumvi, anafunga sufuria kwa kitambaa na kwenda gerezani. Gereza lilijaa zamani, asiyeletewa chakula hali. Mama wa rafiki naye huenda. Wanapanga mstari mmoja chini ya jua, wanawake wawili waliozeeka ua kwa ua, na hawaambiani hata jambo.

Jumamosi moja nilikwenda na mama kumbebea sufuria. Langoni kulikuwa na askari mpya. Wale wa zamani huchungulia tu, huyu alitaka kila chakula kionjwe na aliyekileta, kwa hofu ya sumu. Alifungua kitambaa chetu akampa mama kijiko.

"Mama, onja."

Mama alichota sombe kidogo akaipeleka kinywani. Mama wa rafiki alikuwa nyuma yake, karibu kabisa, na tangu siku ya hukumu ilikuwa mara ya kwanza nisikie sauti yake. Hakuipandisha.

"Kula, mama," alisema. "Kula, weye unajuaka kula."

Shavu la mama lilikuwa bado limejaa. Kutema hakuwezekani pale, ukitema wanasema kuna sumu na chakula hakipiti. Askari alikuwa anamtazama kinywani, anangoja. Mama akafumba macho, akameza.